Mashine Nyepesi ya Wesonga

Tangu avunjike bega la kulia, Wesonga hakuweza tena kufungua nati za magurudumu kwa spana bila kugumia kwa maumivu. Gereji yake ilikuwa uani kwao, mtaa wa Woodley, kwa hiyo mkewe Millicent alimsikia kila mara. Kompresa ya kusukuma upepo walikuwa nayo tayari. Jumamosi moja wakaenda kwenye duka la vipuri Kirinyaga Road kutafuta mashine ya upepo ya kufungulia nati.

Wesonga akaiendea ile kubwa kuliko zote. "Hii inafungua hata lori," akasema.

"Hebu inyanyue kama unafungua gurudumu, Baba Nafula," Millicent akasema.

Akainyanyua. Ikamlemea kabla ya kufika kifuani, naye akageuza uso upande wa barabara. Millicent akajifanya hajaona. Akachukua iliyokuwa ndogo, akaipima mkononi.

"Hii itaweza gari ndogo?" akamuuliza muuzaji.

"Itaweza kabisa, mama."

"Basi tuchukue hii. Ile kubwa mimi siiwezi, na nataka unifundishe, Baba Nafula."

Wesonga akamtazama. "Wewe? Na vile unachukia harufu ya oili?"

"Nitazoea tu."

Wesonga akageukia kaunta. Akairudisha ile kubwa polepole.

Jioni walipiga magoti kando ya gari la jirani. Wesonga akaweka mkono wake juu ya wa mkewe, mashine ikanguruma, nati ikalegea. Millicent akapiga kelele za furaha hadi majirani wakachungulia.

"Lete ingine!" akasema, na Wesonga akacheka mpaka akasahau bega.