Baba Hataki Kushuka Nizwa

Vumbi lilitutangulia kufika. Liliingia Nizwa kabla yetu, likapanda ukuta wa ngome, likarudi kutua juu ya kioo cha gari, na nyuma ya kioo amekaa baba yangu, Hamdun bin Marhoun, kanzu nyeupe, bakora mapajani, macho mbele. Nikazima injini. Nikamfungulia mlango. Akaufunga.

"Sishuki," akasema. "Mji wenyewe haunijui."

Ewe Nizwa, mwaka ule wa sabini na sita nilikuwa na hasira nawe kabla sijakuona vizuri. Nilizaliwa Unguja, nikaondoka kijana, nikalala Mombasa, nikalala Dubai, nikaja kulala Ibra, mji wa nchi yako, na bado miguu yangu haikujua kutulia. Unguja waliniita Mmanga. Ibra wananiita Mzinjibari. Nimechoka kuwa mtu wa kwingine.

Baba amechoka zaidi. Ofisini Ibra walimtaka mtu mmoja wa Nizwa, mmoja tu, ashuhudie kwamba babu yangu, Marhoun bin Soud, alitoka hapa. Bila ya shahidi hapewi hati ya uraia, na bila ya hati ni mgeni katika nchi aliyoiombea dua miaka sitini. Lakini hati haikumkosesha usingizi. Kilichomkosesha ni kingine.

"Usiwatajie jina la babu yako," aliniambia njiani. "Ukiwatajia watakuitikia kwa adabu tu, watu wa hapa wana adabu. Nataka litoke kwao wenyewe. Likitoka, nitashuka."

Nitamuulizaje mtu nisiyeruhusiwa kumtaja? Nilitaka kucheka, nilitaka kupiga usukani. Tulipopita Birkat al Mauz, akaiona migomba imesimama chini ya jabali, imeota kama ya Unguja, akageuza uso. Alisema jua linamuumiza macho. Nilijua analia, nikakanyaga mafuta.

Basi nikamwacha garini, kioo cha mlango kimeteremshwa nusu, nikazunguka peke yangu. Sokoni mbuzi walikuwa wakizungushwa mbele ya wanunuzi, nami nikazunguka nao. Nikapita chini ya mnara wa ngome, mnene, umekaa. Kila kitu hapa kimekaa. Mimi tu nilikuwa nakwenda na kurudi, nakwenda na kurudi, nikizitazama nyuso za wazee na kutafuta pua ya baba.

Baba akataka maji. Nikachukua kopo, nikaufuata falaji, mfereji wa maji ya mji, unaokata mitende, hata nikafika pahali penye kivuli na ngazi safi za mawe. Nikainama, nikijisemea kwa Kiswahili, nikachota.

"Mwaga," ikasema sauti nyuma yangu, kwa Kiswahili. "Hapo huoshwa maiti, ya waladi, mwanangu. Nani kakulea?"

Alikuwa mzee mwembamba, mguu mmoja mbovu. Uso ukanichoma kwa aibu.

"Nimelelewa Unguja," nikasema. "Shikamoo."

"Marahaba. Ndiyo maana. Mmezoea visima nyinyi, maji yote mamoja."

Jina lake Thuwaini. Alichuma karafuu Pemba miaka minane ya ujana wake, akarudi na Kiswahili na mguu ule. Ndiye msimamizi wa falaji, anayeamua saa hii maji yaingie shamba la nani. Akanishika mkono akanipandisha mkondo: hapa juu kabisa pa kunywa, wallahi hapa tu, chini yake pa kutawadha, chini yake pa kukoga, kisha pa maiti, kisha mitende. Na huku tukipanda akanisimulia mji.

Hapa palikuwa na dola, akasema. Dola ndogo, ya dini tupu. Mtawala wake imamu, na kiti hakurithi kwa baba yake. Maulamaa walikaa, wakashauriana, wakampa mkono wa utii. Akipotoka, walimwondoa. Taji hakuvaa.

"Na maji ya shamba lake?" nikauliza.

"Alingoja zamu, kama mimi. Na alipokufa aliletwa pale ulipochota."

Kisha miaka ya hamsini zikaja ndege za vita, ngome ikapigwa, imamu wa mwisho akaenda ng'ambo, dola ikaisha.

"Na zamu?"

"Zamu ziishe kwani mitende ilikufa?"

Nikaona wivu, nasema kweli. Imamu aliyeondoka anatajwa mpaka leo. Babu yangu aliondoka na kifurushi kimoja, nani amtaje? Jina lilinijaa mdomoni. Nikauma ulimi.

Nikachota maji ya juu, tukarudi pamoja uwanjani. Hatua kumi kutoka garini ulisimikwa mti mkavu, na chini yake mawe madogo yamepangwa, ndiyo saa ya kupimia zamu za maji. Thuwaini akasimama akiyatazama. Kivuli cha mti kikasogea, kikasogea, kikaligusa jiwe la tatu. Akaelekea mitendeni akaita, kwa sauti ya kazi, ya mtu aliyekwisha kuita hivyo tangu nywele zake nyeusi.

"Maji ya Marhoun! Marhoun bin Soud! Fungua!"

Huko chini mtu akavuta jiwe na matambara yaliyoziba mfereji, maji yakageuka njia.

"Marhoun gani?" nikauliza.

"Wa zamani. Alikwenda Zinjibar hakurudi. Maji aliyauza kabla ya safari, yamepita mikono minne, leo yanamwagilia mitende ya Ghaniya, mjane. Lakini zamu huitwa kwa jina la mwenyewe wa kwanza. Kila siku ya nane namwita." Akacheka kidogo. "Hajaitika bado."

Nyuma yetu mlango wa gari ukafunguka.

Baba alishuka bila bakora, bila viatu. Maji yalikuwa yamejaa mfereji wa kando ya njia na kufurika, na vumbi lile lililotutangulia lilikuwa limelowa, limekuwa tope jeusi. Akalikanyaga. Akatembea ndani yake polepole mpaka mbele ya Thuwaini, akasimama wima kama mtoto aliyeitwa na mkubwa wake.

"Labeka," akasema.

Tope la Nizwa lilimpanda hadi vifundoni. Nilimletea maji aoshe miguu, akanizuia mkono.