Poda ya Trekta la Hannah

Hannah Nyale aliporudi kwao Kakuyuni kutoka Malindi, hakurudi na mizigo kichwani. Alirudi amekalia trekta. Lilikuwa trekta dogo la bustani, jekundu lililopauka, ambalo Mtaliano ambaye Hannah alimtunzia maua kwa miaka kumi na tisa alimwachia siku alipouza nyumba yake. Watu walitoka nje kumtazama. Hannah aliwapungia mkono kama bibi harusi, na tangu siku hiyo kazi yake ikawa kukata nyasi: viwanja vya shule, nyua za makanisa, mpaka nyumba za wageni huko ufuoni.

Sasa ilikuwa Jumatano. Jumamosi timu ya wasichana ya Kakuyuni ingecheza na wenzao wa Ngomeni, na bintiye, Purity, ndiye kipa. Nyasi za kiwanja zilikuwa zimefika magotini, na trekta lilikuwa linavuja.

Kila lilipoegeshwa liliacha dimbwi la mafuta chini ya tumbo. Hilo angelivumilia. Lakini mafuta hayo ndiyo yanayosukuma mtambo wa kunyanyua visu vya kukatia, na visu vilikuwa vikipanda vizuri, kisha vinashuka vyenyewe polepole kama mtu anayesinzia ibadani. Wiki iliyopita vilisinzia katikati ya ua wa kanisa vikanyoa maua yote ya mchungaji.

Shemeji yake Ngumbao, fundi wa pikipiki pale senta, alijiingiza chini ya trekta akatoka na mafuta mpaka kwenye nyusi.

"Pampu imekufa, shemeji," alisema. "Imelowa chapachapa. Na pampu ya trekta la zamani namna hii utaipata wapi? Uza chuma hicho upumzike."

Hannah alimheshimu Ngumbao, lakini neno lile la "chuma hicho" lilimnyima usingizi usiku kucha.

Alhamisi asubuhi alishuka Malindi, kwenye duka la Bi. Nazmin anayeuza mabomba ya mpira na sili za mashine, zile pete za mpira zinazozuia mafuta yasivuje.

"Shikamoo, Bi. Nazmin."

"Marahaba, mama. Mbona leo umekuja na uso wa msiba? Nani kafa?"

"Pampu ya trekta."

Bi. Nazmin alivua miwani. "Visu vinapanda?"

"Vinapanda mpaka juu, tena kwa nguvu. Tatizo ni kukaa huko juu."

"Basi hiyo maiti gani inayonyanyua vyuma?" Bi. Nazmin alicheka. "Sikiliza, bibiye. Mafuta huteremka. Yanapodondokea sipo yanapotokea. Nenda ukalioshe trekta kwa sabuni mpaka ling'are, likauke, kisha ulipake poda. Liwashe, nyanyua visu, utazame poda inalowa wapi kwanza. Na tafadhali, usipapase bomba kwa mkono trekta likiwa linanguruma. Tundu dogo tu laweza kukudunga mafuta ndani ya nyama, ukalazwa hospitali. Tumia kipande cha boksi."

"Poda ipi?"

"Hata ya mtoto. Trekta halichagui."

Ya mtoto hakuwa nayo, ila ya Purity ilikuwepo, yenye harufu ya waridi. Hannah aliosha, akakausha kwa matambara, akajipinda huku na huku akinyunyiza mpaka trekta likawa jeupe kama keki. Ngumbao, aliyekuwa akipita, alisimama akashika kiuno.

"Shemeji, unalipeleka arusi?"

"Njoo uone, kisha ucheke."

Aliwasha, akanyanyua visu, akateremsha, akanyanyua tena. Wote wawili waliinama. Pampu ilibaki nyeupe. Ikapita dakika moja, ikapita ya pili. Ndipo Hannah alipouona: mstari mwembamba mweusi ukichungulia chini ya kiti, mahali ambapo bomba la mpira liliegemea chuma, ukateremka taratibu juu ya fremu, ukakunja kona na kuishia palepale juu ya pampu. Alisogeza kipande cha boksi karibu na bomba, nacho kikapata doa papo hapo.

"Lo!" alisema Ngumbao. "Basi pampu tumeisingizia."

Hannah alitaka kuruka kwa furaha, lakini alijizuia kwa heshima. Alishusha visu mpaka chini, akazima injini, akausukuma mkono wa kunyanyulia mbele na nyuma ili nguvu iliyobaki ndani iishe, ndipo akafungua bomba. Ngumbao mwenyewe alilipakia kwenye pikipiki, akalipeleka Malindi, akarudi na jipya.

Walilifunga, wakaongeza mafuta, wakapaka poda mara ya pili. Safari hii chini ya kiti palikauka kabisa. Lakini visu vilishuka tena, japo kwa uvivu, na poda ikalowa kwenye silinda ya kunyanyulia, pale fimbo yake inapoingia na kutoka.

Hannah aliketi chini. Jua lilikuwa linakaribia kuzama, na kesho ndiyo siku ya mwisho ya kukata nyasi.

"Usikate tamaa sasa," alisema Ngumbao, ambaye jana tu alitaka liuzwe. "Hiyo ni sili tu."

Ijumaa duka lilipofunguliwa Hannah alikuwa mlangoni na sili iliyochakaa mkononi, amekwisha kuipiga picha kwa simu ikiwa bado mahali pake. Bi. Nazmin aliipima, akachakura droo tatu, akapata ya saizi ileile. Saa nne Ngumbao alikuwa ameshika nyundo ya mpira tayari kuigongea ndani.

"Ngoja!" Hannah alimshika mkono. "Umeigeuza. Tazama picha. Mdomo wake huelekea ndani, kwenye mafuta."

Ngumbao alitazama picha, akatazama sili, akatazama picha. Aliigeuza na kuigonga kwa upole.

Poda iliyobaki ilitosha mara moja tu. Hannah alinyanyua visu, akazima injini, akasimamisha tofali chini yake ili waone kama vitashuka. Purity alileta chai. Watatu wale waliketi kwenye mkeka, macho kwenye lile tofali. Mama mmoja aliyepita na ndoo aliuliza wanangoja nini.

"Tunangoja kisitokee kitu," alijibu Hannah.

Na kweli hakikutokea. Chai iliisha, birika likapoa, visu vikabaki palepale, na poda ikabaki nyeupe kila mahali. Purity alipiga kigelegele. Hannah alijikuta anacheka na kufuta machozi kwa mkono wenye grisi, akajichora masharubu.

Mchana ule alikata kiwanja chote, mstari kwa mstari, trekta likinukia waridi. Jumamosi Ngomeni walifungwa mawili kwa moja, na Purity akadaka penalti dakika za mwisho. Pembeni ya goli, Ngumbao alikuwa akiwaeleza watu kwa mikono miwili jinsi alivyotambua tangu mwanzo kuwa pampu ni nzima.

"Nikamwambia shemeji, tafuta juu, tafuta juu!"

Hannah alimsikia. Alimsogezea mfuko wa njugu, akarudi kushangilia.