Mringa wa Mpakani

Ndugu yangu Musyimi alisimama kanisani akaahidi kwamba mimbari mpya itatoka kwenye mringa wa mpakani. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Mringa ule aliuacha babu yetu alipokuwa akifyeka mlima huu wa Kilungu ili alime. Baba alipotugawia shamba, akaufanya mpaka: juu kwa Musyimi, chini kwangu. Ulikuwa mti wetu sote wawili, ila aliyeutunza ni mmoja.

Baada ya ibada nilimngoja nje.

"Mti ule una shimo," nikamwambia. "Hutapata mbao."

"Shimo la kuingiza ngumi tu."

"Nje ni ngumi, ndani ni pango. Na hondohondo jike yumo, anaatamia. Amejiziba kwa udongo, akabakisha ufa ambao dume humlishia. Hatoki mpaka makinda wakue. Ngoja Krismasi ipite, kisha tuzungumze."

Musyimi akawageukia akina mama waliokuwa wakitusikiliza. "Mmesikia elimu ya ngumbaru? Kaka yangu alisoma usiku, sasa anajua hata ndege gani amelala wapi!"

Wakacheka. Ni kweli nilisoma usiku, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, baada ya kushika jembe kutwa. Sioni haya. Nilijifunza kupunguza miti ili inayobaki inenepe, kuuacha ukanda wa kijito bila kuugusa, na kuiacha miti mizee isimame kwa ajili ya ndege na nyuki. Leo watu hutoka Nunguni kuja kununua nguzo kwangu. Kwake Musyimi hununua nini? Mawe.

"Chukua grevilea nilizopanda," nikasema. "Chagua zilizonyooka."

"Grevilea ni ya kuezekea choo, kaka. Neno la Mungu linataka mti wa heshima."

Jioni ile mke wangu Kaveke aliniambia, "Nenda nyumbani kwake umwombe. Ukimwomba bila watu kusikia, atakubali."

"Mkubwa hamwombi mdogo," nikamjibu.

Tena sikuona sababu ya kuomba. Katika tawi la mringa ule ulining'inia mzinga wangu, wenye nyuki, na Mkamba hagusi mzinga wa mtu. Miti mingi ya kwetu imesimama hadi leo kwa watu kuogopa mzinga, si kwa kuogopa sheria ya serikali. Kwa hiyo niliposikia shemeji yangu amefariki Kitui, nilienda kuzika bila wasiwasi.

Niliporudi, mzinga ulikuwa mlangoni pangu. Umelazwa juu ya majani ya mgomba, mdomo umezibwa kwa nyasi, nyuki wananguruma ndani. Musyimi alikuwa ameketi kando yake akinywa chai. Kaveke hakuniangalia.

"Nimeushusha mwenyewe," Musyimi akasema. "Kwa moshi, polepole, kama baba alivyotufundisha. Hakuna sega lililovunjika."

"Nani alikuruhusu kugusa mzinga wangu?"

"Soma alama iliyochongwa hapo, wewe msomi. Ni ya ukoo, na ukoo ni wangu pia. Ungekuwa mzinga wa watu wengine nisingeusogelea. Mimi si mwizi, mwana wa mama."

Kwetu mtu wa ukoo anaruhusiwa kuushusha mzinga wa mwenzake, mradi aurudishe mzima. Alikuwa ameurudisha mzima.

Nilipanda mlimani nikijua nitakachokuta. Mringa ulikuwa chini. Mbuvi, mpasua mbao wa Nunguni, alikuwa amekalia shina, msumeno wake wa petroli umezimwa.

"Mzee, huu si mti, ni mtungi," akasema. "Wote uwazi."

Ule udongo ulioziba shimo ulikuwa umepasuka. Hondohondo jike hupukutisha manyoya ya mabawa akiwa humo ndani, hawezi kuruka. Alikuwa amelala chini ya tawi pamoja na makinda yake, wote wamekufa.

"Hukuambiwa yumo?" nikauliza.

Mbuvi akaangalia viatu vyake. "Niliambiwa kaka mkubwa ana maneno mengi."

Kwa siku kadhaa yule dume aliendelea kuja na tunda mdomoni, akizunguka mahali palipokuwa na shimo, kisha akienda zake nalo.

Mbao nzima zilitosha uso wa mimbari tu. Musyimi akaja tena, safari hii na mchungaji na wazee wa kanisa, kuomba grevilea za kumalizia. Mbele ya wageni, mtu husema nini? Niliwakatia zilizonyooka kuliko zote.

Siku ya kuiweka wakfu, Musyimi aliitwa mbele akashukuriwa. Grevilea hazikutajwa. Mchungaji akaigonga mimbari kwa kiganja, akahubiri jinsi Mungu anavyowalisha ndege wa angani. Kanisa zima likaitikia amina. Kaveke akanikanyaga mguu. Sikuitikia.

Nyuki nao waliuhama mzinga. Nimeutundika kwenye mti mwingine, ndani kabisa ya shamba langu, labda watarudi. Lakini kwanza nilichukua patasi, nikachonga alama yangu mwenyewe chini ya ile ya ukoo. Nimeichonga kwa kina, ili ndugu yangu aweze kuisoma bila kupitia ngumbaru.