Bunda la Kupeleka Embu

Lilikuwa limelala chini ya kiti cha dereva kama mtoto aliyefichwa: bunda la miraa, limevikwa jani bichi la mgomba, limezungushiwa kamba kwa mkono wa mtu anayejua anachofanya. Nilikuwa nimepanda kwenye kabini kuweka chupa ya chai. Chupa ilibaki mkononi.

Miraa ya kutafuna haifungwi hivyo. Ya kutafuna mtu huitia mfukoni na mambo yakaisha. Hii ilikuwa ncoolo, bunda la kumwomba mzee binti yake. Langu lilifika kwa baba likiwa limevaa vivyo hivyo. Baba alilifungua, akachomoa kijiti kimoja, akatafuna polepole huku akitazama ng'ombe wake, na kwa kijiti hicho kimoja mimi nikahama nyumba.

Na lori lile lilikuwa linakwenda Embu.

Nieleze kidogo jinsi Embu ilivyoniingia moyoni kama mwiba. Mume wangu, Mwiti, alikuwa akiendesha lori la Kullow, mfanyabiashara wa Meru mjini, akibeba viazi kutoka kwetu Kiirua. Siku zile barabara ya Chuka ilikuwa vumbi wakati wa jua na uji wakati wa mvua, na dereva akishuka Embu hukuuliza atarudi lini. Ulimwombea tu. Alilala huko, nami nililala huku, na hakuna aliyemwonea mwenzake wivu, kwa sababu kulala huko hakukuwa kupenda. Kulikuwa ni matope.

Halafu lami ikaja. Ikapita Nkubu, ikapita Chuka, ikafika Embu ikiwa nyeusi na laini kama kichwa kilichopakwa mafuta. Sisi wake wa madereva tuliipigia vigelegele kuliko waheshimiwa waliokuja kukata utepe. Kithinji, dereva wa lori la pili la Kullow, akaanza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Alitoka na jogoo, akashusha viazi Embu mchana, na kabla ugali haujapoa alikuwa mlangoni kwake akipiga honi mara tatu, ili kijiji kizima kijue kwamba mwanaume amerudi.

Wangu akaendelea kulala Embu.

Hawa wawili walibishana juu ya jambo hilo kila walipokutana dukani, na Kullow akiwapo walimfanya hakimu.

"Kitanda cha mtu ni cha mtu," Kithinji alisema. "Mimi siwezi kulala na kunguni wa Waembu kama nina mke."

"Ukishuka bonde la mto Nithi asubuhi na mzigo, umeona kifo mara moja," Mwiti alijibu. "Ukipanda tena jioni, macho yamechoka na giza linaingia, umekirudia kukisalimia. Mimi nitalala. Asubuhi nitarudi nikiwa na macho mawili."

Kullow alikoroga chai yake. "Mimi nataka lori, wallahi. Anayelala alale, anayerudi arudi. Likitumbukia mtoni msije kuniambia. Nitasikia kwa redio."

Maneno ya Mwiti yalikuwa na akili, na hicho ndicho kilichoniudhi. Mwanaume akikupa sababu nzuri kila wiki, unaanza kujiuliza ni nani anayemsaidia kuzitunga. Kwenye bomba la maji, Kiende, mke wa Kithinji, hakunipa nafasi ya kupumua.

"Mama Kendi, leo umelala na nani?"

"Na blanketi."

"Blanketi halikoromi, dada yangu. Mimi jana sikupata usingizi kwa mkoromo. Nikasema, acha akorome, mwenzangu huko anatamani hata huu." Akajitwika mtungi akaondoka huku nyuma ikicheza, nami nikabaki nikijaza maji mpaka yakamwagika miguuni.

Usiulize wivu wangu wa siku zile ulikuwa na ukubwa gani. Nilinusa mashati. Nilihesabu vifungo. Alikuwa analala mahali panapoitwa Dallas, mtaa wa Embu, kwa mzee mmoja Ndambiri mwenye uwanja wa kuegesha malori na vyumba vya kukodisha. Nilimuuliza kama mzee huyo ana watoto. Akasema ana binti, fundi wa nguo. Akasema hivyo tu, kama mtu anayesema ana mbuzi. Basi nikamshona binti huyo mwenyewe kichwani, nikampa kiuno, nikampa meno meupe yenye mwanya, na kila Mwiti alipolala Embu nilikesha nikimwongezea uzuri.

Ndipo nikaikuta ncoolo.

Mwanamke mwingine angepiga mayowe. Mimi nilishuka polepole, nikaenda nyuma ya jiko, mahali ambapo majani ya kuwasha huota kwa fujo kwa sababu ya baridi yetu ya Kiirua. Nikafunga mikono kwa matambara, nikakata ya kutosha. Mwiti alikuwa bado shambani kwa jirani akisimamia upakiaji wa magunia ya mwisho kwenye mkokoteni. Nikalifungua bunda. Miraa ilikuwa nyekundu, nyororo, ya daraja la kwanza. Hata mbuzi wangu walipoipata walisimama kidogo kwanza, kwa heshima. Nikapanga majani yangu ndani ya jani la mgomba, nikaacha vijiti vichache vya miraa vichungulie juu, nikarudisha kamba kama ilivyokuwa. Mikono inayosuka vikapu haishindwi na fundo la mwanaume.

Aliporudi nilikuwa nimevaa gauni la kanisani.

"Baba Kendi, leo nataka kuiona hiyo lami mpaka mwisho wake."

Nilitarajia abadilike rangi. Akakuna kidevu. "Panda," akasema. "Utanisaidia kukaa macho."

Tukashuka, bunda likiwa chini yetu sote wawili. Ile safari sijaisahau. Baada ya Chogoria, tulipoanza kuteremka Nithi, alirudisha gia mpaka lori likalia kama fahali. Magunia nyuma yetu yalisukuma. Upande wangu sikuona ardhi, niliona vilele vya miti. Mshipa wa shingo yake ulisimama, akawa anakanyaga breki kidogo na kuachia, kidogo na kuachia, na harufu ya mpira ulioungua ikaingia ndani. Tulipovuka daraja alifuta jasho kwa kiganja.

"Hii," akasema, "Kithinji huifanya mara mbili kwa siku."

Nikataka kumhurumia. Nikakumbuka bunda, nikaahirisha.

Sokoni Embu tulikuta lori la Kithinji limeshashushwa, liko tupu kwenye kivuli, mlango umefungwa. Mwenyewe hayupo. Wapakuzi wakasema ameenda kunawa. Tulishusha viazi vyetu vyote, tukala, nikanunua kitambaa, na Kithinji alikuwa bado ananawa. Alipotokea hatimaye aliniona, akashtuka kama aliyekanyaga nyoka.

"Mama Kendi! Umekuja kufanya nini huku?"

"Kuangalia mume wangu analala wapi."

"Vizuri, vizuri sana," akasema, akapanda lori lake bila kuaga vizuri, akaondoka kwa kasi kuwahi ugali wa Kiende. Nilimwangalia akipotea, nikasema moyoni: ona mume wa mwenzangu anavyokimbilia nyumbani.

Jua lilikuwa linalainika tulipofika Dallas. Mzee Ndambiri alitupokea vizuri, mtu mrefu mkimya aliyevaa koti hata kwenye joto. Wanaume wakaingia sebuleni. Mwiti alipita na bunda chini ya kwapa, hata hakulificha, nami nikaelekezwa jikoni, kwa binti.

Aliitwa Mukami. Nasema kweli, nilikuwa nimempunguzia. Alikuwa mzuri kuliko nilivyomshona usiku kucha. Alikuwa akipepeta mchele, na futi ya kupimia nguo ilikuwa bado shingoni. Akanipa kigoda akanifutia kwanza kwa kanga yake, na adabu hiyo ikanichoma kuliko uzuri.

"Mama, shati la mzee wako nimelishona kwapa," akasema. "Lilikuwa limechanika. Natumaini hukukasirika."

Shati hilo ndilo alilovaa siku hiyo, na mshono niliujua kwa moyo, nimeulilia wiki nzima. Nikasema ahsante, kwa sauti ya mtu anayemeza mfupa.

Akapepeta kidogo. Kisha akasogea karibu na kushusha sauti. "Wewe unatoka Kiirua. Unamjua Kithinji?"

"Namjua."

"Ni mtu mzuri? Huwa anakuja mchana tu, akishashusha mzigo. Hata baba hajawahi kukaa naye, baba anarudi kutoka kazini jioni. Ndiyo maana Kithinji amemtuma mzee wako, kwa vile yeye hulala hapa. Ameniambia kwenu mtu hajipelekei mwenyewe, hupelekewa na rafiki waliyetahiriwa naye."

Ni kweli, kwetu ndivyo. Nikasikia damu ikinishuka kutoka kichwani mpaka kwenye vidole vya miguu, ikipita mahali pote palipokuwa na moto. Kithinji! Mtu wa honi tatu! Miaka yote nilikuwa nalinda usiku, kumbe mwizi anapita saa sita mchana, lori tupu likimngoja kivulini.

"Namhurumia sana," Mukami akaendelea, "tangu mke wake afariki."

"Alifariki lini?"

"Mwaka juzi. Kwa homa."

"Ajabu," nikasema. "Jana jioni alikuja kuniazima chumvi."

Ungo ulisimama. Mchele ukabaki pale juu ya ungo ukitungoja. Binti aliketi chini, bila kigoda, akaitoa ile futi shingoni akaanza kuikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

Kutoka sebuleni nikasikia sauti ya Mwiti, ile sauti yake ya kanisani. "Mzee, mimi nimetumwa." Halafu jani la mgomba likakwaruza.

Nilikuwa na muda. Sebule ilikuwa hatua chache, na mimi wakati ule nilikuwa na miguu. Ningeingia niseme bunda limeharibika njiani, tutaleta jingine. Heshima ya mume wangu ingepona, na Kiende wa bombani angepata mke mwenza mzuri kuliko yeye. Nikamwona akija kuchota maji kimya. Nikaionja picha hiyo. Ilikuwa tamu, Mungu anisamehe, tamu kama asali ya Tharaka.

Lakini wivu ukishapikwa siku nyingi hauulizi tena ni wa nyumba gani. Mtu alikuwa amemzika mwanamke mzima kwa mdomo, mwanamke anayenitukana kila asubuhi kwa sauti ya kengele, na nikaona uchungu kana kwamba amenizika mimi.

"Wanafungua?" Mukami akauliza.

"Waache wafungue."

Mzee Ndambiri hakupiga kelele. Tulisikia pumzi ikivutwa kwa meno. Tulipoingia alikuwa amenyoosha mkono mbele yake anautazama, umeanza kuvimba vipele vidogo vyeupe. Mwiti amesimama, mdomo wazi, kofia mkononi.

"Huko Meru," mzee akasema taratibu, "mnaomba hivi?"

Mwiti aliizungusha kofia mikononi.

"Sisi hatuombi binti kwa miraa. Sisi huleta pombe na mbuzi. Lakini nilikuwa nimesema, acha niheshimu mila ya watu." Akalisukuma bunda kwa kiatu. "Mrudishie aliyekutuma. Mwambie jibu langu limo humo humo."

Mukami alileta mafuta akampaka baba yake mkono, kidole kwa kidole, bila kumtazama mtu. Kisha akasema, akiwa bado ameinama, "Mzee Mwiti hana kosa, baba. Muache alale. Kitanda chake kimetandikwa."

Basi nikakiona kitanda hicho kilichoninyima raha. Kilikuwa cha chuma, chembamba kama ubao wa kukatia nyama, kimeegemea ukuta wa chumba kisichotosha kugeuka. Tulipolala wawili, mmoja ilibidi aombe ruhusa ya kupumua. Hata mkorofi wa kiasi gani asingeweza kufanya dhambi pale bila kuanguka.

Kesho yake tulipopita Runyenjes, Mwiti alifungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Yale majani nayajua. Yanaota nyuma ya jiko lako."

Nikatazama mashamba.

"Ungeniuliza, Karambu."

"Nikuulize nini?"

"Bunda ni la nani."

"Ungeniambia ni la Kithinji."

"Ndiyo."

"Na mimi ningeamini?"

Alifikiri mpaka tukafika kona. Halafu mabega yakaanza kumcheza, akacheka, akacheka mpaka ikabidi asimamishe lori kando, afute macho kwa lile shati lenye mshono wa Mukami. Kithinji hakuambiwa majani yalitoka wapi. Alirudishiwa tu jibu. Siku iliyofuata alikimbilia Dallas mchana kama kawaida yake, na Mukami alimpokea getini mbele ya madereva wote, akamshika mkono kwa mikono miwili na kumwambia, "Pole sana kwa msiba." Tangu hapo akawa ananawia sokoni.

Kiende hakujua. Sikumwambia, na amezeeka bila kujua. Aliendelea kunicheka bombani, akinisimulia mkoromo wa mumewe, nami nilimsikiliza huku nikimshikia mtungi ajitwike. Mara nyingine aliniuliza kwa nini namtabasamia.

Mwiti naye akaendelea kulala Embu, kwenye ubao wake wa nyama, na usiku mimi nilikoroma peke yangu kama trekta. Kwa upande wa usiku nilipona kabisa.

Ila ilipofika saa sita mchana, jua likiwa utosini na kivuli changu kimejikunja chini ya miguu, nilikuwa naweka jembe chini katikati ya mstari, nageukia upande wa Embu, nasimama hapo.