Ujumbe wa Kai Kutoka Melini

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Mvua ya rasharasha ilikuwa ikinyesha Bombolulu tangu alfajiri, na wingu zito lilikuwa limeshuka karibu na mapaa ya mabati.

Pascalia alikuwa amekwisha kusali na kuwasha redio yake. Haikuwa redio ya habari na muziki. Ilikuwa ya kupokea na kurusha, na alijifunza kuitumia katika darasa la jioni akiwa na miaka hamsini na miwili. Kai, mtoto wa jirani yake Nyamvula, aliketi naye dawati moja, na alisafiri na redio kama hiyo. Siku tisa sasa Kai alikuwa kimya baharini, ndani ya meli ndogo ya mizigo iliyoelekea Komoro. Simu haikushika. Asubuhi hiyo mjomba wake, Ruwa, alipanga kwenda ofisi ya wenye meli kudai watoke wakaitafute.

Saa moja na nusu spika ikalia. Sauti mbili, moja nyembamba na moja nzito kidogo, zilipokezana upesi upesi, na kompyuta ikazigeuza kuwa herufi kwenye kioo: jina la stesheni ya Kai, kisha MAMA MIMI MZIMA. MAMA MIMI MZIMA.

Pascalia hakungoja zaidi. Alitoka mbio bila viatu.

Kwa Nyamvula vigelegele vilipasua mvua. Mama mtu alipiga magoti palepale sakafuni. Ruwa akavua koti la mvua.

"Kumbe lile dude lako linalolia kama vifaranga lina akili kutushinda sote!" alisema. "Basi ya ofisini tuyaache. Nipeni chai."

Wanawake wa jumuiya wakaitwa kwa sala ya shukrani.

Pascalia aliporudi kwake alimkuta Mzee Hamdun, mwalimu wake, aliyekuwa afisa wa redio melini zamani. Alikuwa amekuja kama kila Jumamosi, na sasa amekikodolea macho kioo.

"Shikamoo, Mwalimu. Umeona? Kai mzima!"

"Marahaba. Ulimjibu?"

"La. Nilikimbilia kwa mamake."

"Mwite sasa."

Alichapa jina la Kai na la stesheni yake mwenyewe, akarusha. Zikapita dakika tano, yakaja maneno yale yale. Akamwita tena. Dakika tano nyingine, yale yale. Mara ya tatu alimgeukia mwalimu wake.

"Wallahi, ningependa kukwambia mengine," alisema Mzee Hamdun. "Huu ni ujumbe uliohifadhiwa. Mtu huuandika mara moja, akaiachia mashine iurudie kila baada ya dakika kadhaa, hata kama hayupo. Kai aliuandika akiwa mzima. Lini, hatujui."

"Kwa hiyo amekufa?"

"Sijasema hivyo, na wewe usiseme. Tunachojua ni kwamba betri ina chaji na antena haijazama. Meli ingali inaelea. Basi na itafutwe leo hii, kabla betri haijaisha."

Pascalia aliinamisha kichwa. Siku tisa alikuwa amemwomba Mungu maneno hayo hayo, na yalipofika aliyakumbatia bila kuyauliza neno. "Bwana, nipe mdomo," alinong'ona, wakatoka pamoja.

Waliwakuta wanawake wameanza kuimba.

"Nyamvula, dada yangu, waombe wanyamaze kidogo."

Akawaeleza yote bila kupunguza, pamoja na kukimbia kwake bila kumjibu Kai kwanza.

"Ungetuachia hata leo tu tufurahi," mwanamke mmoja alilalamika.

Nyamvula aliinuka. Kisha akamgeukia Ruwa. "Kaka, vaa koti lako. Nenda."

Ruwa aliacha chai nusu kikombe. Alitoka na Mzee Hamdun, aliyekuwa ameandika saa za kila ujumbe kwenye karatasi.

"Saa moja umenipa mwanangu, saa tatu umeninyang'anya," Nyamvula alisema. "Sasa kila utakapobisha nitaogopa, Pascalia. Sema mbele ya hawa utakachofanya."

Pascalia alisimama, mkono kifuani.

"Mbele za Mungu na mbele yenu, mama zangu, nitakaa kwenye redio ile mpaka Kai apatikane. Kitakachoingia nitakuletea, Nyamvula, kama kilivyoingia, hata kikiwa kibaya, na sitaongeza langu."