Karatasi ya Njano Mlangoni mwa Jiko

Leland Hruska aliligusa jiko kabla hajamsalimia mama yake. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akaweka kiganja juu ya lile jiko la umeme kama mtu anayempima mtoto homa, akakuta lina moto.

"Mama! Jiko linawaka!"

"Lisipowaka, mkate utaiva kwa maombi?" Bi Albina alijibu, hata kichwa hakugeuza. Ilikuwa Jumapili, ametoka kanisani, na awamu ya pili ya kolachi zake, vimkate vitamu vya mbegu za popi, ilikuwa bado ndani.

Mlangoni mwa jiko palikuwa na karatasi ya njano aliyoibandika Leland mwezi uliopita: UMEZIMA? Bi Albina alikuwa na miaka sabini na tisa, na hakuna kilichowahi kumuuma kama karatasi ile. Hata kifo cha mumewe hakikumuuma hivyo, maana Emil alikufa akimheshimu.

Nyuma ya Leland aliingia mkewe, Denise, amekumbatia maboksi matupu matano. Habari ya maboksi hayo haikuwa siri. Kule Dallas kulikuwa na nyumba ya wazee, chumba kimeshashikwa, na nyumba hii ya Ennis ingeuzwa kabla ya Krismasi. Leland alishikilia kwamba mama yake hawezi tena kuishi peke yake, na ushahidi wake ulikuwa mmoja tu: bili ya umeme.

Huku kwetu Texas nguzo na nyaya ni za kampuni moja, lakini umeme wenyewe unauzwa na kampuni chungu nzima, kila moja na bei yake na masharti yake, mtu ajichagulie. Oktoba ya mwaka jana Leland alimchagulia mama yake, mkataba wa mwaka mmoja, kwa simu, dakika nne, akiwa kwenye foleni ya baga. Bili zikawa zinakwenda kwenye simu yake yeye, na zikaanza kurukaruka. Mama anaacha vitu vinawaka, akasema. Mama anasahau. Alisema hivyo mpaka Bi Albina mwenyewe akaanza kujiogopa, akawa anarudi jikoni mara kumi kwa siku kuhakikisha.

"Mwezi wa nane, dola themanini na saba," Leland alisema walipoketi mezani. "Mwezi wa tisa, mia na sabini na tatu. Mara mbili, Mama! Na joto limeshapungua. Si kosa lako, ni umri."

"Si kosa langu," alikubali Bi Albina. "Hapo umesema kweli, baba. Kula kwanza."

Leland akala kolachi mbili. Alipoinyoshea mkono ya tatu, mama yake akainuka, akaitungua ukutani kalenda aliyopewa bure na kampuni ya mazishi, akaitandaza mbele yake. Kila asubuhi akienda kuwalisha kuku, Bi Albina huisoma mita iliyo ukutani nje na kuandika namba kwa penseli. Ni desturi aliyoianza Emil, naye hajaiacha.

"Mwezi wa nane nimetumia uniti elfu moja na arobaini. Mwezi wa tisa, mia tisa na sitini. Nimetumia pungufu, nimelipa mara mbili. Haya, mwanangu uliyesoma chuo, nieleze."

Denise akamtazama mumewe.

"Labda mita ni mbovu," Leland akasema.

"Mita nzima. Mbovu ni hii." Akaweka mezani karatasi ya masharti, ile ambayo sheria inailazimisha kila kampuni kumpa mteja. Akaunti ilikuwa kwa jina lake, kwa hiyo alipiga simu mwenyewe, wakamtumia kwa posta. Siku tatu alikaa nayo, na kioo cha Emil cha kukuzia maandishi. "Ukitumia uniti elfu moja au zaidi, kampuni inakupunguzia dola mia. Ukipungukiwa hata moja, hupati kitu. Wewe uliangalia bei ya mwenye uniti elfu, ukaona hakuna nafuu kama hiyo. Rahisi ni ghali, baba! Nimezima kiyoyozi, nguo nimeanika kwenye kamba, nikaadhibiwa kwa kubana matumizi. Halafu wewe ukasema nimerukwa na akili."

"Sikusema hivyo, Mama."

"Umeniletea maboksi!" Sauti ya Bi Albina ilipasuka. "Mwezi mzima naliogopa jiko langu mwenyewe, Leland. Naomba Mungu anichukue kabla sijaisahau sura yako. Kumbe ni wewe hukusoma."

Leland aliivuta karatasi, akaisoma, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Masikio yalimwiva. Alipomaliza aliona aibu kweli, na ilistahili.

"Tutahama kampuni," alisema polepole. "Leo hii nitatafuta..."

"Nimeshahama. Tangu Alhamisi. Bei moja kwa kila uniti, mwaka mzima, nikitumia nyingi, nikitumia chache."

"Mama, kuna faini ya kuvunja mkataba!"

"Mkataba unaisha wiki ijayo. Ukihama ndani ya siku kumi na nne za mwisho, hakuna faini. Imeandikwa chini kabisa, kwa herufi za sisimizi. Na bili sasa zinakuja hapa, kwenye sanduku langu la barua."

Denise alishindwa kujizuia, akacheka. Kisha akainuka, akaanza kuyakunja maboksi.

"Moja niachie," akasema Bi Albina. "Nina kuku anatafuta pa kutagia."

Akatoa kolachi zilizobaki, akazima jiko, akaibandua ile karatasi ya njano. Akaigeuza, akaandika nyuma yake kwa penseli, akampa mwanawe.

"Kabandike kwenye simu yako."

Leland akaisoma: SOMA MPAKA CHINI. Akaikunja, akaitia mfukoni. Alipopita karibu na jiko akielekea mlangoni, hakuligusa; mikono yote miwili ilikuwa mifukoni.