Ulimi wa Shangazi

Paka wetu tulimbatiza Shangazi kwa sababu hakuna kona ya nyumba hii asiyoikagua, na hajawahi kuridhika. Mimi ni fundi cherehani, hukanyaga mashine pekupeku. Wiki nzima Shangazi alijilaza miguuni pangu akinilamba unyayo wa kushoto, nami nikawatambia wateja kwamba napendwa.

"Nani akupende?" mke wangu alisema huku akishona vifungo. "Anafuata chumvi. Unavyotoka jasho wewe, utadhani unabeba magunia."

Jumanne asubuhi Shangazi akahamia mguu wa kulia. Nikaruka, maana ulimi wake unakwaruza kama msasa. Nikacheka, kisha kicheko kikakauka. Wiki nzima alilamba mguu wa kushoto, na sikukumbuka kukwaruzwa hata mara moja. Nilikuwa namwona tu.

Nikaugeuza unyayo. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda kilicholambwa mpaka kikawa cheupe, na ndani yake kipande cha sindano, ile iliyovunjika nilipokuwa nashona sare za shule. Nikakivuta. Hakikuuma. Niliomba kiniume, hata kidogo. Niliogopa mpaka mkasi ukanidondoka.

"Mwaka jana walipokwambia una ugonjwa wa sukari, ukasema wamezusha," mke wangu alisema. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Vaa shati twende."

Njiani niliutazama mguu wa kushoto kila hatua. Mguu ule ndio uliokanyaga cherehani, na cherehani ndiyo iliyotulisha. Wakiukata, nitabaki fundi wa nini?

Muuguzi wa zahanati alikisafisha kidonda bila kunikaripia, na hilo likanitisha zaidi.

"Kwa hiyo paka alikuwa ananitibu?" nikamuuliza.

"Alidhani hivyo. Kwao kidonda hulambwa, kiwe chake au cha mwenzake. Lakini mdomo wake una vijidudu, asikiguse tena."

Kisha akachukua kijiuzi kigumu cha plastiki. "Fumba macho, fundi. Kila nikikugusa unyayo huu, niambie."

Nikafumba. Nikasubiri. Nje mtu alikuwa anafagia. Nikasubiri tena, jasho likinichuruzika kwapani.

"Anza basi, dada," nikasema.

Mke wangu akanishika bega.

"Ameshamaliza, baba watoto."